Kutoka Philadelphia Hadi Erie, Wiki ya Kura

Treni iitwayo Pennsylvanian hupita mara moja tu kwa siku. Hutoka New York, huingia Philadelphia, kisha hulikata jimbo la Pennsylvania kutoka mashariki hadi Pittsburgh, mwendo wa zaidi ya saa saba. Niliipanda mwishoni mwa Oktoba 2024, Wamarekani wakiwa karibu kumchagua rais wao, kwa sababu nilitaka kuwasikia watu wenyewe. Sisi Kenya tunaijua siasa ya Marekani kwa vinywa vya wagombea na watangazaji. Kwa mbali tunaona kambi mbili, nyekundu ya Republican na buluu ya Democratic, na tunadhani mtu huzaliwa na rangi yake.

Nililichagua Pennsylvania kwa kuwa hakuna jimbo lililogombewa kama hilo. Lina kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais. Mwaka 2016 Donald Trump alilichukua kwa kura zipatazo 44,000. Mwaka 2020 Joe Biden akalitwaa kwa kura kama 80,000. Wapiga kura huko ni zaidi ya milioni 6, kwa hiyo kila mwanasiasa anajua kwamba mitaa michache tu inaweza kumfikisha Ikulu au kumrudisha nyumbani. Fedha zilimwagwa ipasavyo: matangazo ya kampeni ya ngazi zote yalivuka dola bilioni 1. Katika chumba nilicholala Philadelphia, runinga ilikuwa haina nafasi ya kutangaza sabuni. Tangazo moja lilimshambulia Kamala Harris, mgombea wa Democratic, kwa bei za vyakula na kwa wahamiaji, lililofuata likamshambulia Trump kwa suala la utoaji mimba, kisha Bob Casey na Dave McCormick wakapokezana kuchafuana kwa ajili ya kiti cha Seneti, na duru ikaanza upya. Kijana wa mapokezi aliniambia kwao waliizima runinga tangu Septemba. Nikamuuliza kama anamfahamu mtu yeyote anayemuunga mkono Trump. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba amewaona kwenye simu.

Jibu hilo nilipanda nalo treni.

Philadelphia ndiko ilikoandikwa Katiba ya Marekani mwaka 1787, na wageni hupanga foleni kuingia Independence Hall kuuona ukumbi wenyewe. Nami niliingia kabla ya kupanda treni. Lakini aliyenijaa akilini ni mtu aliye hai, Al Schmidt. Huyu ni mwanachama wa Republican, na mwaka 2020 alikuwa mmoja wa makamishna watatu wanaosimamia uchaguzi wa jiji hilo. Trump alipodai kwamba kura za Philadelphia zimechakachuliwa, Schmidt alisema hadharani kwamba madai hayo hayana ukweli. Trump akamtaja kwa jina mtandaoni. Vitisho vya kuuawa vikaanza kumiminika, vikitaja watu wa familia yake na nyumba yake, kama alivyoieleza kamati ya Bunge iliyochunguza uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021, alipotoa ushahidi mbele yake Juni 2022. Mwaka 2023 gavana Josh Shapiro, ambaye ni wa Democratic, alimteua kuongoza ofisi inayosimamia uchaguzi wa jimbo zima. Yaani kura hizi zilizokuwa zikisubiriwa na dunia nzima zilisimamiwa na Republican aliyeteuliwa na Democrat, na katika siku zote nilizokaa huko sikumsikia mtangazaji hata mmoja akilisema hilo.

Ili uelewe kwa nini watu waliamini habari za wizi, lazima uijue sheria moja kavu. Mwaka 2019, baraza la kutunga sheria la jimbo likiwa mikononi mwa Republican, ilipitishwa sheria inayomruhusu mpiga kura yeyote kupiga kura kwa posta bila kutoa sababu. Gavana wa wakati huo, Tom Wolf wa Democratic, akaitia saini. Ila hakuna anayeruhusiwa kufungua bahasha hizo kabla ya saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi. Ukaja ugonjwa wa korona, na zaidi ya watu milioni 2.5 wakapiga kura kwa posta. Trump alikuwa amewaambia wafuasi wake wasiiamini posta, kwa hiyo bahasha nyingi zilikuwa za Wademocrat. Kura za vituoni zilihesabiwa kwanza, Trump akalala usiku wa Jumanne akiongoza kwa mamia ya maelfu. Bahasha zikaendelea kufunguliwa na kuhesabiwa, uongozi ukayeyuka siku hadi siku, na Jumamosi tarehe 7 Novemba Biden akatangazwa mshindi. Asiyeijua sheria ile aliona mtu akiibiwa mbele ya macho yake.

Kesi zilifunguliwa. Jaji Matthew Brann, ambaye ni Republican, aliitupa kesi kuu ya kampeni ya Trump. Rufaa ikaenda kwa majaji watatu, na hukumu ikaandikwa na Stephanos Bibas, jaji aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, aliyesema kwamba mashtaka mazito yanataka madai mahususi na ushahidi, na hapo havikuwepo vyote viwili. Hukumu hiyo ni ya Novemba 2020. Miaka minne baadaye nilikaa kwenye treni na watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao bado waliamini kwamba kura ziliibwa.

Treni ilisimama Lancaster. Juma lile kaunti hiyo ilikuwa kwenye habari, kwa kuwa maofisa wake walikuwa wametangaza kwamba wamezuia fomu zipatazo 2,500 za kujiandikisha kupiga kura, zilizoletwa kwa mafungu, ili wazichunguze, baada ya kugundua baadhi yake zina saini zinazofanana na anwani zisizo sahihi. Zilikuwa fomu za maombi, hazikuwa kura. Ofisi ilifanya kazi inayolipwa kuifanya. Hata hivyo Trump alizitumia jukwaani kama uthibitisho kwamba udanganyifu umeshaanza. Wakati huohuo ilikuwa inasambazwa video ya mtu akichana kura za Trump katika kaunti ya Bucks. FBI na mashirika mengine ya serikali yalisema ilitengenezwa na Warusi. Mama mmoja kwenye behewa letu alikuwa akimwonyesha mwenzake video hiyo wakati ilikuwa imeshakanushwa tayari.

Harrisburg alipanda mzee akakaa kando yangu. Alikuwa anatoka kumtembelea binti yake, anarudi Johnstown. Alipojua natoka Kenya aliniuliza kwanza kama tunalima kahawa, kisha akaniuliza ninafikiri nini kuhusu Trump. Nikamwambia nimekuja kusikiliza. Basi akazungumza, naye alizungumza vizuri, bila hasira, hadi giza likaingia.

Alifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel pale Johnstown. Baba yake pia, na babu yake. Nyumbani kwao ukutani palikuwa na picha ya Yesu na picha ya John Kennedy, na mtu aliyekuwa Republican walimwona kama mgeni aliyepotea njia. Kiwanda kilipunguza watu mwaka hadi mwaka, kisha mwaka 1992 Bethlehem Steel wakafunga shughuli zao za mji huo. Alipata kazi ya ulinzi hospitalini kwa nusu ya mshahara. Mwaka 2008 alimpigia Barack Obama, na kaunti yake, Cambria, pia ilimpa Obama ushindi mwembamba. Kuanzia 2016 kura yake ni ya Trump, na kufikia 2020 Cambria ilimpa Trump kura 68 kati ya kila 100.

Nilimuuliza kilichobadilika. Alisema hajabadilika yeye. Chama cha baba yake kilianza kuzungumza na watu wenye shahada, kuhusu mambo ya watu wenye shahada, na kila kiongozi aliyekuja Johnstown alimwambia kijana wa pale kwamba dawa ni kusoma na kuhama. Trump alikuja akasema kwamba waliofunga viwanda walikosea. Hakuvifungua, mzee alikiri hivyo mwenyewe, lakini alikuwa wa kwanza kusema palitendeka kosa. Nilimwelewa. Mtu aliyepoteza kazi na heshima yake kwa pamoja haulizi kwanza takwimu za ajira. Ahadi ya kurudisha viwanda naiona ni ya uongo, kwa sababu chuma siku hizi hutengenezwa kwa watu wachache na mitambo mingi, na hilo nilimwambia. Akajibu kwamba anajua.

Kisha tukafika 2020, na hapo sauti yake ikabadilika. Waliiba, alisema. Nikamuuliza amejuaje. Jibu lake ndilo lililonipa picha kamili ya safari hii. Alisema kila mtu anayemfahamu alimpigia Trump: jirani zake, watu wa kanisani, wenzake wa zamani kazini, wauza duka. Kila ua lilikuwa na bango la Trump. Hao milioni tatu na nusu wa Biden walitoka wapi?

Wengi walitoka kule nilikopandia treni mchana huo. Philadelphia mwaka 2020 ilimpa Biden kura zaidi ya 80 kati ya kila 100. Mzee wa Cambria hamwoni mpiga kura wa Biden, na kijana wa mapokezi hamwoni wa Trump, nao wanaishi katika jimbo moja, wanachagua gavana mmoja. Watu wakishajitenga hivyo, kushindwa hakueleweki tena. Aliyeshindwa anatazama mtaani kwake, anahesabu mabango, anapata jawabu kwamba hesabu rasmi ni ya uongo. Siasa za chuki zina mchango wake, na waongo wa makusudi wapo. Lakini uongo wao umepata ardhi yenye rutuba kwa sababu watu wa pande mbili wameacha kuishi mtaa mmoja.

Jioni tulipita Horseshoe Curve karibu na Altoona, reli iliyochongwa kwenye mlima na kufunguliwa mwaka 1854. Treni hujipinda bonde zima hadi aliye behewa la nyuma akaiona injini. Mzee alinionyesha kwa fahari kana kwamba aliichimba yeye. Johnstown alishuka, akanielekeza gizani mahali yalikoanzia mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 2,200 bwawa lilipopasuka Mei 31, 1889. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Pittsburgh sikukaa sana. Huko mazungumzo yalikuwa ya kampuni ya Nippon Steel ya Japani kutaka kuinunua US Steel. Biden, Harris na Trump wote walipinga, nacho chama cha wafanyakazi wa chuma kilipinga, ingawa wapo wafanyakazi waliotaka fedha za Wajapani ziingie. Nilikodi gari nikashika barabara ya 79 kwenda kaskazini. Upande wa mashariki iko Butler, ambako Julai 13, 2024 Trump alipigwa risasi sikioni akihutubia, na Corey Comperatore, mzimamoto aliyekuja mkutanoni na familia yake, akauawa. Kando ya barabara mabango ya Trump yalikuwa mengi na makubwa, mengine yameandikwa kwa mkono kwenye mbao. Nilipita nikiwa na huzuni kwa ajili ya Comperatore. Alikwenda kumsikiliza mgombea wake, jambo ambalo kila raia ana haki ya kulifanya na kurudi salama.

Erie ni kaunti ya kona, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ina kiwanda cha vichwa vya treni kilichokuwa cha General Electric na sasa ni cha Wabtec, viwanda vya plastiki, mashamba ya zabibu na baridi inayotoka ziwani. Tangu 2008 imempigia kila mshindi: Obama mara mbili, kisha Trump, kisha Biden. Mwaka 2016 na 2020 tofauti haikufika kura 2,000. Trump alihutubia huko mwishoni mwa Septemba 2024, Harris akaja katikati ya Oktoba. Hapa hakuna anayeweza kusema hamjui mtu wa upande wa pili, kwani huenda analala naye kitanda kimoja.

Hilo nililiona katika nyumba ya Wakongomani. Erie imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, Wabosnia, Wabhutan, Wasyria, na Wakongo wengi walioletwa kutoka kambi za Afrika Mashariki. Jumapili ukipita makanisa fulani utasikia Kiswahili. Mama aliyenikaribisha ni wa Fizi, Kivu Kusini, aliyekaa katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, tangu akiwa msichana hadi akawa na watoto. Mumewe anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha plastiki. Wote wawili ni raia sasa, na huu ulikuwa uchaguzi wao wa kwanza wa rais. Walinipa ugali wa muhogo, sombe na samaki, na tulipokuwa tunakula nikauliza swali langu.

“Ndugu, mimi ni mtu wa Trump,” baba alisema bila kusita. “Sitaki serikali iliyokubali watoto wauawe tumboni. Mchungaji wetu ametufundisha hivyo, na Biblia inasema hivyo. Halafu angalia bei ya mfuko wa unga.”

Mama aliendelea kupakua. “Na dada yangu?” aliuliza. “Huyo Biblia inasema nini juu yake?”

Dada yake yuko Nyarugusu bado. Alishahojiwa, alishapimwa afya, alikuwa anasubiri tarehe ya ndege. Katika muhula wake wa kwanza Trump alikikuta kiwango cha wakimbizi kikiwa 110,000 kwa mwaka akakishusha hadi 15,000; na katika kampeni ya 2024 alikuwa ameahidi kusimamisha kuwapokea kabisa. Chini ya Biden kiwango kilipandishwa hadi 125,000, na katika mwaka wa serikali ulioisha Septemba 2024 waliingia wakimbizi zaidi ya 100,000, Wakongo wakiwa wengi kuliko taifa lolote. Mama alizijua hesabu hizo vizuri kuliko mtangazaji yeyote niliyemsikia. Baba alisema Mungu atafungua njia. Mama akasema njia ilikuwa imeshafunguliwa, asiifunge yeye kwa mkono wake.

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina la kumlaumu baba. Aliweka dhamiri yake juu ya maslahi ya nyumba yake. Nami ningepiga kura kwa ajili ya dada. Ni watu wawili wanaopendana, wanaosali pamoja, na kura zao zinafutana.

Kesho yake, Jumamosi Novemba 2, baba aliniomba nimsindikize mahakama ya kaunti katikati ya mji. Kwa ajili ya zamu zake alikuwa ameomba kupiga kura kwa posta, na bahasha haikuja. Hakuwa peke yake: wapiga kura wengi wa Erie hawakupata bahasha zao kwa sababu ya matatizo ya utayarishaji na utumaji. Chama cha Democratic kilikwenda mahakamani, na jaji akaamuru ofisi ya uchaguzi iwe wazi mwisho wa juma, ili aliyekosa afutiwe kura ya kwanza na kupewa nyingine pale pale.

Foleni ilikuwa ndefu na baridi ilikuwa kali. Mbele yetu alikuwepo mama mwenye beji ya Harris kifuani, nyuma yetu mwanamume mwenye kofia nyekundu. Mama alikuwa na hakika kwamba bahasha zimezuiliwa ili Wademocrat wasipige kura. Mwanamume alikuwa na hakika kwamba zimezuiliwa ili Warepublican wasipige kura. Walilisema hilo kwa kupokezana, wakasikilizana, na kwa muda wakanyamaza wote wawili, maana maneno yao yalikuwa yaleyale. Baadaye wakahamia kwenye mpira. Erie iko katikati ya Pittsburgh, Cleveland na Buffalo, na watu wake wanagawanyika mara tatu kwa timu, jambo ambalo wanalizungumza kwa uhuru zaidi. Baba alipata karatasi yake, akaijaza, akaikabidhi. Alimpigia Trump, kwa msaada wa amri iliyopatikana kwa kesi ya Democratic. Mahakama haikuuliza mwenye bahasha ni wa nani.

Jumanne Novemba 5 nilisimama nje ya kituo kimoja, ukumbi wa kanisa. Sheria ya Pennsylvania inawataka wapiga debe wakae futi 10 kutoka chumba cha kupigia kura, kama hatua nne tu, kwa hiyo watu wa vyama vyote viwili walikuwa karibu na mlango, vipeperushi mkononi, wakigawana kahawa.

Niliyoyafuata yalikuwa ndani. Jimbo lina vituo zaidi ya 9,000, na kila kimoja huongozwa na majirani waliochaguliwa na wapiga kura wa hapo hapo kwa muhula wa miaka minne: msimamizi mmoja, na wakaguzi wawili. Mpiga kura humchagua mkaguzi mmoja tu. Anayepata kura nyingi huwa mkaguzi wa walio wengi, anayemfuata huwa mkaguzi wa walio wachache. Utaratibu huo umepangwa ili vyama viwili viketi meza moja, kila kimoja kikimwangalia mwenzake anavyofungua daftari na anavyofunga mashine. Nilizungumza na wakaguzi wa kituo kile walipotoka nje kwa zamu kupumzika, wanawake wawili wa makamo, mmoja Republican na mwingine Democrat. Wamefanya kazi pamoja chaguzi nyingi. Malipo ni madogo, na siku huanza kabla ya saa moja asubuhi na kuisha usiku. Yule Republican aliniambia kwamba baada ya uchaguzi wa 2020 mtu alimfuata hadi kwenye gari akimrekodi kwa simu, akimwita mwizi. Alikuwa mtu anayesali naye. Nilimuuliza kwa nini amerudi. Alisema asiporudi yeye, kiti kile kitabaki wazi au kitachukuliwa na aliyemrekodi.

Alasiri Trump aliandika mtandaoni kwamba Philadelphia kuna udanganyifu mkubwa. Seth Bluestein, kamishna wa jiji na Republican kama yeye, alijibu mara moja kwamba hakuna ukweli wowote katika madai hayo. Saa mbili usiku vituo vikafungwa. Pale kanisani mashine ilitoa utepe wa matokeo, maofisa wakautia saini, na nakala ikabandikwa mlangoni. Tulikuwa watu wachache tuliosogea kuisoma kwa mwanga wa simu.

Kwa Mkenya, karatasi mlangoni si jambo dogo. Desemba 2007 nilikuwa Nakuru. Matokeo yalibadilika kati ya vituoni na Nairobi, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akasema hajui nani aliyeshinda, na kabla ya miezi mitatu kuisha watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa. Barabara niliyozoea kuipita kwenda sokoni ilikuwa na maiti. Tulijifunza kwa damu kwamba matokeo ya kituo ndiyo matokeo; mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ililithibitisha hilo katika kesi ya Maina Kiai, na mwaka 2022 fomu 34A za matokeo ya vituo vyote nchini ziliwekwa hadharani ili kila mtu ajumlishe mwenyewe. Nchi yenye Katiba tangu 1787 inachezea kitu ambacho sisi tulizika watu wetu ili tukipate.

Baada ya saa nane usiku shirika la habari la AP lilitangaza kwamba Trump amelitwaa Pennsylvania. Tofauti ilikuja kuwa kama kura 120,000, na Erie ikamfuata mshindi kama kawaida yake. Madai ya udanganyifu wa Philadelphia yalikoma usiku uleule. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza wapiga kura baadaye: mwaka 2020, wapiga kura wa Trump 21 tu kati ya 100 walisema uchaguzi uliendeshwa vizuri; mwaka 2024 walikuwa 93. Sheria ya bahasha ilikuwa ileile, na wakaguzi wengi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mshindi. Upande wa Harris imani ilishuka kwa kiasi kidogo, lakini nako zilianza kuzunguka hadithi kwamba mtandao wa setilaiti wa Starlink umebadilisha kura, bila ushahidi wowote. Tofauti, nayo ni kubwa, ni kwamba Harris alikubali kushindwa siku iliyofuata na hakuipa hadithi hiyo mdomo wake. Kiongozi anayeshindwa akakubali anawalinda wale wanawake wawili mezani. Anayekataa bila ushahidi anawatuma watu kuwafuata hadi kwenye magari yao. Trump alifanya hilo la pili mwaka 2020, na ushindi wake wa 2024 haulifuti.

Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa kwake, Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Nilimpigia simu mama wa Erie. Dada yake hakupewa tarehe. Baba alichukua simu akanisalimia vizuri, akasema kuhusu mimba bado anasimama palepale, na kuhusu shemeji yake anaomba. Kwa mwaka wa serikali wa 2026 kiwango kiliwekwa 7,500, kidogo kuliko vyote tangu sheria ya wakimbizi ya 1980.

Nawe unayesoma haya ukiwa Kenya, Agosti 2027 utapiga kura. Usiishie kwenye kuchovya kidole wino. Kama chama chako kinatafuta mawakala, jitolee, uketi na wakala wa chama usichokipenda kuanzia asubuhi mpaka hesabu iishe. Kama huwezi, rudi kituoni kwako usiku, soma fomu 34A mlangoni, ipige picha, ulinganishe na ile ya tume. Ukikuta ziko sawa na mgombea wako ameshindwa, waambie hivyo jirani zako.